Kaka yangu kaniuliza kuhusu ule mswada wa Uingereza wa kusaidiwa kufa, nikakosa jibu

mkarafuu_mrefu

Assalaam alaykum wanajamvi. Nna suala na naomba msinirukie, ni suala la kweli sio la kutafuta ubishi.

Kaka yangu alianguka mkarafuu msimu wa mwaka juzi, huku kwetu Pemba nadhani kila kijiji kina wa kwake. Tawi lilimkatikia, yeye na tawi na pakacha wote chini. Uti wa mgongo ukavunjika, kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kitu. Ana miaka 34, mke na watoto wawili. Tulivuka nae mpaka Unguja tukarudi nae na mpira wa mkojo na kadi ya kliniki, basi.

Sasa wiki iliyopita tuko barazani tunasikiliza redio wakawa wanazungumza huo mswada wa Uingereza wa mgonjwa kupewa dawa afe kwa hiari yake. Nikataka kubadilisha stesheni akanambia wacha. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akacheka, akasema "wenzetu wana akili, mtu akishakuwa gogo wanamfungulia mlango aende zake". Mie sikujibu. Nikajifanya natengeneza eriali.

Kilichonishangaza ni kwamba kwenye kipindi kulikuwa na mama mmoja wa kwenye kiti cha magurudumu anapinga kwa ukali kuliko hata mapadri. Mie nilidhani watu walio kama kaka ndio wangekuwa wa mwanzo kuitaka hiyo sheria. Kwa nini wao ndio wanaoipinga? Na nimwambie nini kaka, maana nikimwambia ni haramu ananijibu "najua, kwani nimesema nafanya?"

Maalim_K

Waalaykum salaam. Mwanangu jibu la kwanza ndio hilo hilo, Surat An-Nisaa aya ya 29 iko wazi, roho si mali yetu. Mkumbushe Nabii Ayyub na subira yake. Na mwambie mtihani hauji ila kwa anaeuweza. Mimi sioni haja ya kuingia kwenye sheria za makafiri, wao wana yao sisi tuna yetu.

BiMagurudumu

Maalim shikamoo, na uliyosema ni haki tupu siyapingi. Lakini kijana kashakwambia kaka yake anajua kuwa ni haramu. Anaeuliza hivi hajasahau dini, kachoka. Na sie walemavu tukisema tumechoka tunapewa subira kama panadoli, kutwa mara tatu. Mimi nna polio tangu miaka miwili, sasa hivi nna 51, subira naijua kwa jina na kwa ubini.

Mkarafuu nisikilize. Kijana mzima wa mguu na mkono akisema maisha yamemshinda mtaa mzima unahamia kwake. Anasomewa, anatafutiwa mtu wa kulala nae, mjomba anatoka Micheweni usiku kwa usiku. Kaka yako akisema neno lile lile watu wanatikisa kichwa, "masikini, na kweli, maisha gani yale". Sasa huko Ulaya kile kichwa kinachotikiswa ndio kinataka kuandikwa sheria. Huyu akitaka kufa azuiwe, yule akitaka kufa asaidiwe, na kinachowatenganisha ni ulemavu wa yule. Hapo ndipo wenzangu wanapopandwa na hasira na wala huhitaji kuwa mchamungu kuliona hilo, wengi wanaopinga huko hawana hata dini. Marekani wana kikundi chao tangu 1996, kakianzisha mwanamke wa kwenye kiti cha magurudumu akiitwa Diane Coleman, wakakiita Not Dead Yet, yaani bado hatujafa. Uingereza wana tawi lao kaanzisha Jane Campbell, huyu kaingia mpaka House of Lords, bunge la juu la Uingereza.

Na huyu Jane Campbell nikupe kisa chake ukamsimulie kaka yako. Ana ugonjwa wa misuli tangu kuzaliwa. 2003 akalazwa na homa ya mapafu mbaya sana, daktari akamwambia kwa upole kabisa kuwa bila shaka usingependa tukuwekee mashine ya kupumulia. Akasema nataka. Akaja daktari mwengine na maneno yale yale. Mumewe akakimbia nyumbani akarudi na picha ya mkewe kavaa joho la chuo kikuu, akawaonesha, kwamba huyu ndie mnaemzungumza. Na yeye alikaa macho siku mbili, anaogopa akisinzia hawatomuamsha. Picha ndugu yangu! Mtu mzima analetewa picha ili aonekane anastahili kuishi.

Nikaisoma nikacheka peke yangu kwa sababu mimi nshalazwa hapa hapa Unguja, spitali siitaji, na homa hiyo hiyo ya mapafu. Mhudumu kasimama juu yangu anamuuliza mdogo wangu "huyu ana mtu?" Mdogo wangu akamjibu "huyu kakusomesha darasa la nne". Na kweli! Nilimfundisha hesabu. Kuanzia hapo nikawa naitwa mwalimu na shuka nikabadilishiwa.

Kuna na kisa cha Larry McAfee, Georgia kule Marekani. Ajali ya pikipiki 1985, kuanzia shingoni kwenda chini hana kitu, anapumua kwa mashine. Wakamzungusha spitali hii na nyumba ya wauguzi ile miaka na miaka kwa sababu pesa ya serikali ililipia taasisi ila hailipii mtu wa kumsaidia akikaa kwake. Akaenda mahakamani kuomba ruhusa azime mashine, 1989 mahakama ikampa, na kumsifu ushujaa juu. Walemavu wenzake ndio waliomfuata wakamuuliza unataka nini hasa. Alichotaka ilikuwa kutoka mle ndani! Alipopata nyumba na wasaidizi ile mashine hakuizima, akaishi, alikuja kufa 1995 bila kuizima. Majaji walimpa ruhusa ya kuzima mashine, nyumba hawakumpa.

Kwa hiyo nami nakuuliza wewe kabla hujamjibu kaka yako. Choo chenu kiko ndani au nje? Kina ngazi? Na anakunywa maji kiasi gani kwa siku?

mkarafuu_mrefu

Choo kiko nje, kina ngazi mbili na kizingiti. Maji sijui, nitaangalia.

mtoto_wa_ngambo

Salaam kutoka Toronto, baridi inatuua huku bila sheria yoyote 😅

Samahani kwa mzaha. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee na walemavu majumbani mwaka wa 9 huu, na Kanada ndio nchi walemavu wote duniani wanaitolea mfano, kwa ubaya. Sheria ilipita 2016, na wakati ule walisema wazi ni kwa mtu ambae kifo chake kimeshakaribia, msiwe na wasiwasi nyie walemavu haiwahusu. 2019 mahakama ya jimbo la Quebec ikasema hilo sharti la kifo kukaribia ni ubaguzi, na 2021 bunge likaliondoa. Kwa hiyo sasa kuna njia mbili, ya kwanza wanaokaribia kufa na ya pili wasiokaribia ila wana ugonjwa mzito au ulemavu unaowatesa. Hiyo ya pili tofauti yake kubwa ni kuwa wanakutathmini si chini ya siku 90. Siku 90! Hapa kusubiri nyumba ya serikali yenye mlango mpana wa kupita kiti ni miaka. Nimeshuhudia mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alingojea hiyo nyumba mpaka akaacha kuulizia.

2023 waliokufa kwa njia hii hapa Kanada ni watu 15,343, takriban 4.7 kwa kila vifo 100. Tuwe wakweli, walio wengi sana ni wale wa njia ya kwanza, wagonjwa wa kansa na wazee, wa njia ya pili walikuwa 622. Watetezi wa sheria wanasema si unaona ni wachache. Jumuiya za walemavu zinasema hao 622 hawakuwa wanakufa, ndio maana 2024 zikaenda mahakamani kuipinga hiyo njia ya pili, na Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ikaiambia Kanada iifute. Hiyo ni kamati ya mkataba wa 2006 ambao Tanzania nayo imeuridhia 2009, kwa hiyo maalim haya mambo si ya makafiri tu, na sie tumo.

Mimi sio mwanasheria, mimi ni wa kuosha watu na kuwapikia. Nnachokiona ni hiki, msaidizi asipokuja asubuhi, na mara nyingi haji kwa sababu mshahara mdogo watu wanaacha kazi, mtu anakaa kwenye kitanda kichafu mpaka saa sita mchana, na ni saa hizo ndio anaposema nimechoka. Nikifika, nikamuogesha, akanywa chai, anaanza kuniuliza matokeo ya mpira.

sina_jamvi

Nyote mnazungumza vizuri lakini mnazungumza habari ya watu wasiokufa. Mimi mama yangu alikufa kwa kansa ya shingo ya kizazi, miezi minne ya mwisho alikuwa akilia usiku kucha na majirani wanafunga madirisha. Alikuwa akiniomba. Sitosema aliniomba nini. Sasa mtu akija kunambia walemavu wa Uingereza hawataki sheria nami nasema sawa wao wasiitumie, lakini mama yangu wana haki gani ya kumzuia?

Na tusidanganyane, ule mswada wa Uingereza uliopita kwa wabunge Juni 2025 kwa kura 314 kwa 291 haumuhusu kabisa kaka yake Mkarafuu, ni kwa mtu mzima aliyebakiwa na miezi 6 au chini. Mnasema itasogea kama Kanada. Mbona Oregon, jimbo la Marekani, wana sheria hiyo tangu 1997 na mpaka leo ni miezi 6 ile ile haijasogea?

BiMagurudumu

Sina_jamvi pole. Pole sana wallahi, mimi siwezi kubishana na kilio cha mama yako na sitojaribu.

La Oregon una haki, miezi haijasogea. Ila kila mwaka wanatoa ripoti, madaktari wanajaza sababu za waliochukua hiyo dawa. Ungetegemea maumivu yawe ya kwanza. Siyo! La kwanza ni kupoteza uwezo wa kujitegemea, kama watu 9 kati ya 10, halafu kushindwa kufanya yaliyokuwa yakimfurahisha, halafu kupoteza heshima, na karibu nusu yao wanasema hawataki kuwa mzigo kwa familia. Maumivu au hofu ya maumivu yako chini ya yote hayo.

Sasa nisome mimi kwenye hiyo orodha. Sijitegemei, navalishwa na mdogo wangu. Kuna siku navaa pampasi. Wao hayo wanayaita kupoteza heshima na sheria yao wameipa jina la kufa kwa heshima. Kwa hiyo mimi hapa nilipo nimevaa kanga yangu nakula boflo na chai heshima yangu iko wapi? Kila mtu humu kavalishwa nepi na mamake na hakuna aliyesema yule mtoto hana heshima afadhali afe. Hiki ndicho kinachotuuma hata kama sheria yenyewe hainigusi. Wanachokiogopa wao kuliko kifo ni maisha yangu.

nesi_wa_zamu

Nimesoma yote nimechelewa nilikuwa zamu. Mimi nesi, Pemba, sitaji kituo.

Sina_jamvi, mama yako alihitaji mofini, dawa kali ya maumivu, na kama alipewa panadoli na diklofenaki basi alionewa. Kuna mofini ya maji ya kunywa, rahisi, haihitaji sindano. Uganda wanaitengeneza wenyewe kwa kuchanganya unga na maji na tangu 2004 manesi wao waliosomea wanaruhusiwa kuiandika, haingoji daktari bingwa. Ugumu kwengi Afrika ni hofu na makaratasi na watu kudhani ukimpa mgonjwa mofini umemuua. Kuondoa maumivu ni jambo moja na kuondoa mtu ni jambo jengine, na dini haikukataza la kwanza, maalim atanisahihisha.

Mkarafuu, kaka yako sasa. Akilala ageuzwe kila baada ya saa 2, akikaa kwenye kiti ajinyanyue kwa mikono kila mara makalio yapate hewa, muangalie kisigino na juu ya makalio kila siku kwa macho yako usimuulize yeye maana hahisi. Maji anywe, tena mengi, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ujue taabu inakuja. Wengi wa walioanguka mikarafuu niliowapokea mie hawakurudi kwa ajili ya mgongo, walirudi na kidonda au na mkojo.

Na lile neno alilosema la gogo usilipite hivi hivi. Muulize waziwazi, "kaka unafikiria kufa?" Watu wanaogopa kuwa ukiuliza unamtia wazo kichwani, si kweli, wazo kama lipo lipo na kuuliza kunamshusha mzigo. Akikwambia ndio, usimuache peke yake siku hiyo na mlete. Huo ni ugonjwa na una dawa, mtu wa kiti na mtu wa miguu dawa ni moja.

Maalim_K

Sikusahihishi nesi, umesema sawa. Kumtibu mgonjwa maumivu ni ibada. Na Bi Mwalimu unisamehe, nilijibu haraka. Mwanzo wa Surat Abasa umeshuka kwa ajili ya kipofu mmoja aliyegeuziwa uso, na Mtume mwenyewe akaambiwa. Nilipaswa kuanza na hiyo.

BiMagurudumu

Umesamehewa maalim. Msikiti wenu una ngazi ngapi?

Maalim_K

Tano. Nimekuelewa.

mkarafuu_mrefu

Narudi, siku nne zimepita. Nimeangalia maji kama alivyosema Bi Mwalimu.

Shemeji yangu analima mwani. Bamvua ikija, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, anaondoka maji yakianza kutoka, anarudi adhuhuri imeshapita, watoto wako skuli na chuoni, mie niko kazini. Kaka mikono yake mizima, ule mfuko wa mkojo angeumwaga mwenyewe, ila umwagwe wapi, choo nje na ngazi mbili. Kwa hiyo siku za bamvua anakunywa kikombe kimoja tu cha chai asubuhi basi mpaka mkewe arudi. Miaka miwili. Anahesabu mwezi kama mvuvi ili ajue lini asinywe maji, na sisi tunakaa nae baraza moja hatujui. Nilipomuuliza kwa nini hukusema akanambia "mtu anarudi kalowa mpaka kifuani, kachoka, nimwambie tena kamwage mikojo?"

Nimetafuta mbao za dari la zamani nikapiga njia juu ya zile ngazi. Kizingiti nimekikata na msumeno, bi mkubwa kanuna kwa sababu kilikuwa cha babu. Ndoo yenye mfuniko nimeiweka pembeni ya kitanda na yeye anajimwagia.

Nikamsomea kisa cha yule wa pikipiki. Akanyamaza sana, halafu akauliza "alipata nyumba baada ya miaka mingapi?" Kisa cha picha hakukisema kitu ila jioni nikamuona kamtuma mtoto amletee ile picha ya harusi yake.

Ubao kasema nimeuweka mwinamo mkali, mie fundi gani, kiti kitampeleka mpaka kwa jirani. Asubuhi nimemkuta nje na nyundo anang'oa misumari yangu mmoja mmoja.

Lile suala la nesi bado sijamuuliza. Ntamuuliza leo usiku tukibaki barazani wawili. Bamvua inaanza Alkhamisi, jagi la lita tatu nishanunua.